Keria ya Spea kwenye Motohomu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye magari ya kulala hapa Dar es Salaam: HiAce na Coaster zilizogeuzwa nyumba, Land Cruiser za safari zenye kitanda nyuma, na motohomu zilizoletwa kutoka Ulaya, ambazo nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayowakuta wachache. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwingine tumekuelekeza hapo kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Keria ya spea ni nini, na kwa nini motohomu iwe nayo?

Ni fremu ya chuma inayobeba tairi la akiba nje ya gari. Inaweza kuwa chini ya tumbo, nyuma ya bodi, au kwenye mkono unaofunguka pembeni.

Gari la kawaida hutoka kiwandani na mahali pake pa spea. HiAce hubeba yake chini ya mkia, imening'inizwa kwa waya unaoshushwa kwa kuzungusha mpini. Lakini gari likishageuzwa nyumba, mahali pale mara nyingi pameshachukuliwa: fundi ameweka tenki la maji machafu, betri ya pili, au amepitisha mabomba. Spea inahamia ndani, chini ya kitanda, na siku ya pancha unalazimika kutoa godoro, mabegi na vyombo vyote barabarani ndipo uifikie.

Keria inairudisha spea mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuishusha. Hicho ndicho kipimo chetu katika majibu yote yanayofuata. Spea ambayo huwezi kuishusha mwenyewe usiku, mvua ikinyesha, kando ya barabara ya Morogoro, ni mzigo tu.

2. Motohomu yangu imetoka Ulaya bila spea. Ina chupa ya dawa ya kuziba pancha na kombipresa ndogo. Haitoshi?

Huko ilikotoka inaweza kutosha, kwa sababu gari la msaada halikai mbali. Dawa ile huziba tundu dogo la msumari kwenye meno ya tairi. Haizibi tairi lililochanwa ubavuni na jiwe, wala lililokatika baada ya kugonga ukingo wa shimo, na kwenye barabara za changarawe hayo ndiyo yanayotokea.

Kuna na suala la saizi. Tairi nyingi za motohomu zina herufi CP mwishoni, kwa mfano 215/70R15CP au 225/75R16CP. Hizo si saizi za kutarajia kuzikuta dukani Mikumi au Kilwa. Nunua spea yako mapema ukiwa jijini, na kombipresa ibaki nayo ndani ya gari maana utaihitaji (swali la 16).

3. Zipo keria za aina gani, na ipi inanifaa?

Ya chini ya chasisi ndiyo bora kwa mwendo wa gari: uzito unakaa chini, hauzibi taa wala namba. Ubaya wake ni kwamba unalala chini kwenye tope ili uifungue, waya wake hushika kutu usipouangalia, na gari likikaa kwenye tairi bovu nafasi ya kuvuta spea inaweza kuwa ndogo mno. Jaribu: toa upepo tairi moja la nyuma, halafu uone kama spea bado inatoka bila kupiga jeki kwanza.

Ya nyuma isiyofunguka ni fremu iliyofungwa kwenye chasisi au kwenye bampa la chuma. Ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, na haina kitu cha kulegea. Inafaa gari lisilohitaji kufunguliwa nyuma.

Ya mkono unaozunguka hufunguka pembeni ili mlango wa nyuma ufanye kazi. HiAce ambayo mlango wake wa nyuma unapanda juu inahitaji hii, au spea ibaki chini. Ni nzito kuliko zote, na bawaba yake ndiyo roho yake. Ikiwa fundi wako hajawahi kutengeneza bawaba inayobeba mzigo, mpe kazi ya aina ya pili au tafuta fundi mwingine.

Kama mahali pa kiwandani bado papo wazi, usihangaike na keria ya nyuma. Badilisha waya, paka grisi kifaa cha kushushia, weka kufuli, safiri.

4. Si rahisi zaidi kuiweka juu ya paa?

Kwa Land Cruiser yenye keria imara ya paa na watu wawili wenye nguvu, inawezekana, na magari mengi ya safari hufanya hivyo. Kwa motohomu ndefu, hapana. Utakuwa unashusha kilo zaidi ya 20 kutoka juu ya kichwa chako, na uzito ule juu ya paa unalifanya gari lilale zaidi kwenye kona.

## Uzito na vipimo

5. Spea ina uzito gani, na uzito huo unakwenda wapi?

Hili ndilo swali linalostahili muda wako mwingi, na ndilo watu wanaloliruka.

Anza kwa kupima. Chukua mizani ya kupimia watu, simama juu yake mikono mitupu, kisha simama umebeba tairi na rimu yake. Tofauti ndiyo uzito wa spea. Tairi la HiAce la 195R15 likiwa kwenye rimu ya chuma huwa kama kilo 20 na kidogo. Tairi la 7.50R16 la Land Cruiser kwenye rimu ya ringi hupita kilo 30. Fremu yenyewe, hasa ya mkono unaozunguka, inaweza kuwa nzito kama tairi. Kwa hiyo usishangae jumla ikifika kilo 50.

Sasa, kilo 50 zilizoning'inia nyuma ya ekseli si kilo 50 kwa ekseli ya nyuma. Ni zaidi. HiAce ndefu ya kawaida ina milimita 2,570 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme katikati ya keria iko mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Jumlisha 2.57 na 1.3 upate 3.87, zidisha kwa 50, gawanya kwa 2.57. Unapata kama kilo 75 kwenye ekseli ya nyuma. Zile 25 za ziada zimetoka mbele: mkia umekandamizwa, pua imeinuliwa. Usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, tairi za mbele zinashika barabara kidogo unapokanyaga breki, na usiku taa zinamulika matawi ya miti badala ya lami.

Gari lenye mkia mrefu linaathirika zaidi. Motohomu ya Ulaya yenye mkia wa mita mbili nyuma ya ekseli inaweza kuwa tayari imefika mwisho wa uwezo wake hata kabla hujaweka keria, kwa sababu gereji ya mizigo, tenki na kitanda vyote viko huko huko.

Usiamini makisio. Lijaze gari kama unavyosafiri, maji, gesi, mafuta, chakula na watu ndani, ulipime ekseli moja moja kwenye mizani ya malori. Maeneo ya viwanda, madereva wa malori watakuelekeza zilipo za watu binafsi. Linganisha na kibao cha kiwandani cha gari lako, kile kinachoonyesha uzito wa juu wa kila ekseli. Kisha soma ubavu wa tairi zako za nyuma: namba ya uzito ya 106 maana yake tairi moja linabeba kilo 950, namba 109 ni kilo 1,030, na 116 ni kilo 1,250. Zidisha kwa mbili. Jumla hiyo iuzidi uzito uliopima, na ubaki na nafasi ya kutosha.

Ikiwa ekseli ya nyuma haina nafasi, dawa ni kupunguza mzigo wa nyuma au kuipeleka spea chini, karibu na ekseli. Kuongeza manyoya ya springi kunainua mkia, lakini ekseli, bereingi na tairi bado zinabeba uzito ule ule.

6. Nikiongeza keria, nitalazimika kupita kwenye mizani ya barabarani?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016 inaanzia magari ya tani 3.5. HiAce nyingi ziko chini ya hapo. Coaster na motohomu kubwa za Ulaya zinafika au kupita. Ukiwa kwenye kundi hilo na unaelekea bara, mizani ya Vigwaza utaikuta mapema, kwa hiyo hesabu ya swali la 5 ifanye kabla.

7. Nitajuaje kama rimu itakaa kwenye keria?

Rimu inakaa kwenye bamba lenye stadi (bolti zilizosimama, za kufungia nati), na stadi lazima zilingane na matundu ya rimu. HiAce ina matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zina matundu 5 kwenye milimita 150, wakati zile za 75 za zamani zina 6 kwenye 139.7. Fiat Ducato nyepesi yenye rimu za inchi 15 ina 5 kwenye milimita 118. Ile nzito ya inchi 16 ina 5 kwenye 130. Kwa hiyo keria iliyonunuliwa mtandaoni "ya Ducato" inaweza isikae kwenye Ducato yako.

Ukimpa fundi kazi mpya, usimpe namba mdomoni. Mpelekee rimu yenyewe, ikiwa na tairi lake. Unene wa tairi na kina cha rimu ndivyo vinavyoamua stadi ziwe ndefu kiasi gani, na fremu ikae mbali kiasi gani na mlango.

8. Tairi lolote linaweza kuwa spea?

Hapana. Liwe na kipenyo sawa na tairi zinazotembea, na namba ya uzito isiyo chini yao. Rimu ya Prado inaingia kwenye HiAce kwa matundu, lakini tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha karibu milimita 777 na la 195R15 karibu milimita 690. Tofauti hiyo inalivuta gari upande mmoja na kuichosha difu.

Angalia pia umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea huzeeka ikiwa mpya, kwa sababu jua linaipiga bila kutembea. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, ibadilishe hata kama meno yake hayajaguswa na lami. Tunashauri kuizungusha: kila unaponunua tairi mpya, moja iwe spea, na spea ya zamani ambayo bado nzima iingie kazini.

## Kufunga

9. Fundi anasema ataifunga kwenye mlango wa nyuma. Nimkubalie?

Kwa Land Cruiser au Prado ambayo kiwanda chenyewe kiliweka spea mlangoni, sawa: mlango na bawaba zake vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hapo, ukiweka tairi kubwa kuliko la awali, chunguza bawaba.

Kwa mlango wa HiAce unaopanda juu, hapana. Ni bati jembamba, na vile vyuma vya gesi vinavyouinua havitauinua tena.

Kwa ukuta wa nyuma wa motohomu ya Ulaya, hapana kabisa. Ukuta ule ni bati la alumini au plastiki ngumu, povu katikati, na mbao nyembamba hapa na pale. Skrubu zinalegea, maji ya masika yanapenya kwenye tundu, mbao zinaoza ndani na huoni kitu hadi ukuta unapoanza kubonyea ukiusukuma kwa kidole gumba. Keria ishike chasisi, na ikigusa ukuta iwe kwa mpira wa kuegemea tu.

10. Kwenye chasisi, bora bolti au kuchomelea?

Bolti. Kinachochomelewa kwenye chasisi kinaidhoofisha kandokando ya mshono, na ufa ukianza hapo unatembea ndani ya chasisi yenyewe. Bolti inafunguka, inakaguliwa, inabadilishwa.

Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, nati zenye plastiki ya kujikaza ndani, na washa pana au bamba la chuma upande wa pili. Matundu yatobolewe kwenye ubavu wa chasisi, yasitobolewe kwenye pembe zake za juu na chini, maana huko ndiko nguvu zinakopita. Bora zaidi, tumia matundu ambayo kiwanda kimeshayaacha, kama yale ya bampa au ya ndoano ya kuvutia.

Motohomu nyingi za Ulaya zina chasisi ya nyuma ya kampuni ya Al-Ko, nyepesi na iliyozamishwa kwenye zinki. Hiyo usiichomelee wala kuitoboa. Tafuta keria inayoibana kwa vibano, au inayoingia kwenye matundu yaliyopo.

Kuchomelea kubaki kwa fremu yenyewe, ikiwa chini, mbali na gari.

11. Kama lazima kitu kichomelewe gari likiwa hapo hapo, nijihadhari na nini?

Toa mitungi ya gesi ya kupikia, uipeleke mbali. Tenganisha betri zote, ya injini na ya nyumba, na waya wa sola, la sivyo umeme wa kuchomelea utapita kwenye kompyuta ya gari na alteneta. Waya wa arithi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Povu la kuta za motohomu linashika moto upesi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo awepo mtu wa pili ameshika mtungi wa kuzimia moto, asiyefanya kazi nyingine yoyote. Tunalisisitiza hili kwa sababu cheche ikiingia nyuma ya ukuta huioni, na gari linaungua wakati fundi ameshahamia kazi nyingine.

12. Nimpeleke fundi gani hapa Dar, na nimpe maelekezo gani?

Mafundi wa kuchomelea wenye mikono mizuri wapo Gerezani, Keko, Buguruni, Tegeta na kwingineko. Usimpime kwa bei. Muombe akuonyeshe mshono wa kazi aliyomaliza: uwe na mawimbi ya sare, bila vitundu, bila chuma kilicholiwa pembeni. Fundi wa mageti ya nyumba anaweza kuwa hodari kwa mageti, lakini geti halirushwi kwenye matuta ya Kibaha.

Mwambie hivi. Skweya paipu ziwe na unene wa milimita 3 au zaidi, si zile nyembamba za madirisha. Kila kona ipate kipande cha pembetatu cha kuimarisha. Mkono unaozunguka ukae kwenye bawaba yenye bereingi au bushi inayoingia grisi, na ukifungwa uegemee kwenye kikalio upande wa pili, ili uzito usibaki kwenye bawaba peke yake. Uwe na vifungio viwili: kimoja kikifunguka, cha pili kiushike. Uwe pia na pini ya kuuzuia ukiwa wazi, kwa sababu ukiegesha kwenye mteremko unaweza kurudi na kukupiga. Katikati ya tairi iwe usawa wa paja lako hivi. Ikiwa juu ya kiuno utaijutia.

Vifaa na ufundi mwambie avitaje bei tofauti. Hapo ndipo utaona kama amepunguza unene wa chuma.

13. Kutu ya pwani niizuie vipi?

Ukikaa Kigamboni, Mbezi Beach au Kunduchi, hewa yenyewe ina chumvi. Chuma kisafishwe hadi king'ae, kipate rangi ya zinki, kisha redioksaidi, kisha rangi ya juu. Mafundi wengi hupaka redioksaidi nyembamba juu ya masizi ya kuchomelea, nayo inabanduka kabla ya mwaka.

Kutu mbaya zaidi inaanzia ndani ya paipu. Ziba ncha zote za juu, na toboa tundu dogo kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila paipu ili maji yatoke. Ukirudi kutoka ufukweni, iogeshe keria kwa maji baridi ya bomba, hasa bawaba na nyuzi za stadi, kisha paka grisi.

14. Spea inaziba namba ya gari na taa. Askari wa usalama barabarani watanisumbua?

Wana haki. Namba isomeke, na taa za breki, indiketa na viakisi vionekane kutoka nyuma na kutoka pembeni. Hamisha kibao cha namba kwenye keria na ukiwekee taa yake. Waya upite kwenye bomba laini, na uachwe mrefu kidogo penye bawaba ili usikatike mkono ukifunguka. Kamera ya rivasi iliyozibwa nayo ihamishwe. Na kumbuka gari limerefuka: egesha kwa urefu mpya.

## Kutumia

15. Nishushe vipi spea peke yangu bila kuumia mgongo?

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka jiwe au kabari mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Weka pembetatu zako mbele na nyuma ya gari. Matawi ya miti yanasaidia madereva wenzako kukuona mchana, lakini usiku pembetatu zinaakisi na majani hayaakisi.

Legeza nati za tairi bovu nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Kisha nenda kwenye keria. Fungua nati zote isipokuwa ya juu kabisa. Simama karibu, goti moja likiegemea tairi, shika chini kwa mkono mmoja, ndipo utoe nati ya mwisho. Usilibebe tairi. Livute lianguke kwenye paja, liteleze hadi chini, kisha ulivingirishe. Kulirudisha ni kazi ngumu zaidi: weka koleo au ubao imara chini yake, ulinyanyue kwa kukandamiza mpini, na stadi ya juu ilipokee kwanza.

Fanya zoezi zima nyumbani kabla ya safari ya kwanza, kwa zana zile zile zilizomo garini. Zoezi hilo litakuonyesha kama spana ya nati za keria ni saizi tofauti na ya magurudumu, kama jeki inafikia ekseli, na kama mwenzako anayeendesha naye anaweza. Baada ya kubadilisha tairi barabarani, kaza nati tena ukishatembea kilomita 50 hivi.

16. Spea ijazwe upepo kiasi gani?

Ijaze kiwango cha juu zaidi kinachohitajika kwenye gari lako, kawaida cha nyuma. Ikienda mbele utapunguza. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza porini. Tairi za CP kwenye ekseli ya nyuma huhitaji mara nyingi bar 5.5, yaani karibu psi 80. Ukienda kwa mjaza upepo wa kando ya barabara, mtajie namba mwenyewe, kwa maana amezoea magari madogo. Pua ya upepo ielekee nje, uweze kuipima bila kuishusha tairi.

17. Keria inapiga kelele kwenye rasta. Ni kawaida?

Si kawaida. Tairi linatakiwa kukandamiza kidogo mpira au fremu, ili lisitikisike kwenye stadi. Kaza nati kwanza, kisha shika ncha ya mkono uutikise juu na chini. Ukicheza penye bawaba, bushi imekwisha. Ukicheza penye kifungio, kirekebishe au ongeza mpira.

Kisha tafuta ufa. Futa vumbi, chukua tochi, angalia pale mshono unapokutana na chuma kizima, hasa karibu na bawaba. Ufa huanza kama unywele kwenye rangi, na kutoka humo hutiririka mstari mwembamba wa unga wa kahawia, hasa baada ya mvua. Ukiona mstari huo, usisubiri. Toa tairi, liweke ndani ya gari, na keria ipelekwe kwa fundi. Kuujaza ufa moto juu juu hakutoshi: unasagwa wote, unachomelewa upya, na unawekewa bamba.

18. Wizi je?

Spea iliyo nje inaonekana na kila mtu. Weka nati moja ya kufuli, na mnyororo uliovikwa mpira upite kwenye tundu la rimu hadi kwenye chasisi, si kwenye fremu inayofunguliwa kwa spana. Ya chini ya gari pia ifungwe, maana waya wake unakatwa. Funguo za kufuli zikae mahali pamoja na jeki, na kufuli lipate mafuta, kwa sababu lililoshika kutu litakuzuia wewe kabla ya mwizi. Kifuniko cha turubai kinasaidia, pia kinazuia jua. Kitobolewe chini maji yatoke.

## Yanayowakuta wachache

19. Gari linatembea na rimu za alumini, spea ni ya chuma. Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Ducato hutumia bolti badala ya nati, na bolti za rimu za alumini mara nyingi hazilingani na za rimu ya chuma kwa urefu au kwa umbo la kikalio. Bolti ndefu mno inaweza kugusa sehemu za breki ndani; yenye kikalio tofauti inalegea. Hifadhi seti kamili ya bolti za spea ndani ya mfuko mmoja na jeki, na uzijaribu kwa mkono kabla ya kuhitaji.

20. Coaster yangu ina tairi mbili mbili nyuma. Nibebe spea moja au mbili?

Moja inatosha kwa safari nyingi. Tairi la ndani likipata pancha, ndilo gumu kulifikia, kwa hiyo hakikisha zana zako zinaifanya kazi hiyo. Kama unakwenda mbali na lami kwa siku nyingi, badala ya spea ya pili nzima beba tairi tupu bila rimu, pamoja na tyubu na vyuma vya kubandulia. Hilo linaweza kukaa juu ya paa kwa sababu ni jepesi.

21. Keria inagusa chini nikipanda pantoni ya Kigamboni. Nifanyeje?

Maji yakiwa yamekupwa mteremko unakuwa mkali, na mkia mrefu ndio unaogusa kwanza. Pita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, au subiri maji yajae. Kama unagusa hata kwenye mageti ya kawaida, keria iko chini mno au imetoka nje mno; irudishwe kwa fundi.

22. Naweza kuning'iniza jenereta, madumu ya maji au baiskeli kwenye keria hiyo hiyo?

Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, na liko mbali na ekseli kuliko hata tairi. Rudia hesabu ya swali la 5 kabla ya kuweka chochote. Baiskeli moja nyepesi, kama fremu ilitengenezwa kwa ajili hiyo, sawa. Petroli nyuma ya gari, mahali ambapo gari jingine litagonga kwanza, usiweke.

23. Keria imevunjika njiani na fundi yuko mbali. Nifike vipi?

Toa spea, uiingize ndani. Ilaze sakafuni karibu na mbele iwezekanavyo, ifungwe kwa mikanda kwenye vyuma vya viti au kitanda, isiachwe wazi kuruka ukikanyaga breki. Mkono uliovunjika uvuliwe kabisa kwenye bawaba kama unaweza. Ukishindwa, ufungwe kwa kamba na mnyororo, pini ikiwa ndani. Usiufunge kwa waya mwembamba peke yake, kwa sababu waya hukatika kwenye rasta na chuma kile kitamwangukia aliye nyuma yako, mara nyingi mwendesha bodaboda. Kagua kamba kila unaposimama. Fundi wa mji wa kwanza akiuchomelea kwa muda, endelea na spea ndani hadi ufike Dar.